Kilichofichwa Chini ya Kabichi

Kuna wanawake wanaopekua simu za wapenzi wao. Mizani alikuwa anapekua sahani.

Wala hakuanza kwa wivu. Ilikuwa kazi. Alikuwa mpishi wa hospitali, na kila mchana toroli la vyombo vichafu lilipotoka wodini lilisimama kwanza mbele yake kabla ya kwenda kwenye karo, naye akiwa na kalamu sikioni anaangalia nani kala nini. Sahani ilimwambia mambo ambayo hata daktari hajaambiwa. Huyu kala wali wote, nyama kaacha: meno yanamsumbua. Huyu kachorachora mchuzi kwa kijiko lakini hakumeza: ana mawazo. Na huyu kaficha nusu ya chakula chini ya kabichi ili muuguzi aone sahani imepungua: huyu ana siri. Wenzake walimwita Mizani kwa sababu upawa wake haukukosea hata gramu kumi, jina likamganda, na siku hizi hata mama mkuu wa wodi hamjui kwa lingine.

Sasa jioni hiyo, saa moja kasoro robo, Mizani alikuwa kwenye mkahawa wa kona, meza ya dirishani, shavu limelala kiganjani, anaangalia sahani ya mwanamume anayempenda. Na chini ya kabichi kulikuwa na paja zima la kuku.

Moyo wake ulishtuka kama mtu aliyekosea ngazi.

"Mbona huli?"

"Si nakula." Fundi akachukua uma, akachoma njegere moja. Njegere moja! Mwanamume wa futi sita, fundi wa lifti, anayeshinda siku nzima ananing'inia kwenye mashimo ya maghorofa, anakula njegere moja na kuitafuna kama anatafuta mfupa ndani.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona goti lako linatikisa meza?"

Goti likatulia. Macho yakapanda ukutani, juu ya kaunta, kwenye saa, yakashuka haraka. Mizani aliyaona. Hiyo ilikuwa mara ya tano, na chai yenyewe ilikuwa bado inatoa moshi.

Zamani haikuwa hivi. Zamani yenyewe ni miezi saba tu, lakini kwa mapenzi hayo ni maisha. Walikutana siku lifti ya chakula ya hospitali ilipokwama katikati ya ghorofa na uji wa wodi ya wazazi ndani. Fundi aliingia na mkoba wa spana, akatokea upande wa pili amepakaa grisi hadi kwenye nyusi, akasema, "Uji wenu mzima. Mimi ndiye nimekwama." Jioni ile ile walikula pamoja hapa, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka meza ya dirishani ikawa yao bila mtu kuwapa.

Mizani alipenda saa ile kuliko saa zote. Mpishi akitoka kazini hataki kuona sufuria hata kwenye picha. Anataka akae, avue viatu chini ya meza, aweke nyayo juu ya buti za mwanamume, aulizwe na mtu mwingine, "Nikuletee nini?" Walikuwa wanabadilishana vijiko, huyu anaonja cha yule, yule anaonja cha huyu. Fundi anamsimulia watu waliokwama kwenye lifti: bosi aliyeanza kuungama dhambi zake kabla hata ya dakika kumi kwisha, na wapenzi waliokasirika alipowafungulia mapema. Naye anacheka mpaka Dada Trei, mhudumu wao, anakuja kuwaambia kuna watu humu wanataka kula kwa huzuni zao, wawape nafasi.

Lakini wiki hizi za mwisho chakula kilikuwa kinabaki. Kwanza robo, halafu nusu. Leo, kabichi.

Na kulikuwa na Jumapili. Mara tatu Fundi ameahidi kwenda na mtu wake wa nyumbani kuonana na mjomba aliyemlea Mizani. Mara ya kwanza mtu kasafiri. Mara ya pili mafua. Mara ya tatu hata uongo haukupatikana. Jana mjomba alifunga gazeti, akavua miwani, akasema taratibu, "Mwanangu, Jumapili hii ni ya mwisho. Asipokuja na mtu wake, asije tena, na wewe usiniletee habari zake." Mjomba hapigi kelele. Ndiyo maana anaogopwa.

"Nikuulize kitu," Mizani akasema.

"Uliza."

"Kuna mahali pengine unakula?"

Alikuwa anatania, nusu. Lakini njegere ilimpalia Fundi akakohoa mpaka machozi, na uso wake ukajibu kabla ya mdomo.

Mizani akarudisha nyayo zake kutoka kwenye buti. Akatafuta viatu vyake kwa vidole, kimoja kikapatikana, kingine kikakimbilia chini ya meza ya jirani.

"Nani anakupikia?"

"Sio hivyo unavyofikiri."

"Mimi sifikirii, nasoma. Miaka sita nasoma sahani za watu. Mtu mwenye njaa hafichi paja la kuku. Anayeficha kashakula, au anajua anakokwenda kula. Ni nani?"

Fundi akahamisha macho tu. Saa. Sahani. Saa.

"Anapika vizuri?"

"Sana," mdomo ukaponyoka, na Fundi mwenyewe akaufunga kwa kiganja, amechelewa.

Dada Trei alikuwa amefika na birika. Akawatazama mmoja mmoja. "Niwaongezee chai, au nirudi mkishamaliza kuuana?"

"Ongeza," akasema Mizani, macho hayatoki kwa Fundi. "Huyo mtu ana umri gani?"

"Mizani..."

"Umri!"

"Sitini na mbili."

Chai ikamwagika kidogo kwenye sosa. Dada Trei alisahau kuinua birika.

"Ni mama," akasema Fundi, kichwa chini. "Mama yangu mzazi. Kila siku saa moja na nusu ananipakulia. Natoka hapa, nakwenda kula tena."

Mizani alicheka. Hakutaka, kicheko kilitoka chenyewe, kile cha puani. Aliona yote kwa mpigo: vifungo vya ovaroli vinavyolia, mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari, pumzi ndefu anazovuta akipanda hata ngazi tatu. Kumbe hakuna mwanamke. Kuna mwanamume amebeba chakula cha jioni mara mbili, miezi saba, kama gunia.

"Umenenepa kwa siri!"

"Cheka tu."

"Nacheka." Halafu kicheko kikakata, kama taa. Alikuwa amefika kwenye hesabu nyingine. "Ngoja kwanza. Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo ukifika kwenu hujawahi kumwambia umeshakula."

Fundi akazungusha kikombe chake.

"Hujawahi kumwambia umekula na nani."

Dada Trei akaondoka kwa ncha za vidole. Mhudumu mzuri anajua lini birika limekwisha.

"Miezi saba," Mizani akasema polepole, "mimi ni kitafunio."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ninyooshe lugha? Mimi ni kile kitu unachokula ukisubiri chakula."

Fundi akasogeza sahani pembeni, akaweka mikono yote miwili mezani, mikono mikubwa yenye grisi kwenye mistari isiyotoka kwa sabuni yoyote. "Baba alipofariki, mama aliacha kula. Sio kwa kususa. Alikuwa anapika, anafunika, anakunywa chai. Nikimuuliza anasema kimegoma kushuka. Sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Siku moja nikakaa mezani nikala, nikamwona naye anachukua kijiko. Akaniambia, mwanangu nikikuona unakula, na mimi kinashuka. Sasa ningemwambiaje nimeshiba? Nikishiba mimi, analala na njaa yeye."

Mizani akaangalia nje. Watu walikuwa wanatoka kazini, mikoba begani, kila mmoja na haraka yake. Alitamani kukasirika kwa raha na sasa raha imeharibika.

"Hilo nimeelewa," akasema. "Lakini hujamaliza. Kuna kitu kingine kiko kooni."

Hakuna mtu aliyeweza kumficha mtu huyu kitu. Fundi akajikuna shingo. "Kuna jirani yetu alituona hapa, kupitia dirisha hili hili. Akampelekea mama habari. Mama akasema..." 

"Akasema nini?"

"Akasema mwanamke anayekula mkahawani kila siku ya Mungu, huyo hajui jiko liko upande gani wa nyumba. Akasema huyo asije hapa."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nilikuwa na tonge mdomoni."

"Na ulipolimeza?"

"Akanipakulia lingine."

Mizani akainamisha kichwa mpaka kipaji cha uso kikagusa meza. Alipokiinua macho yalikuwa yanawaka. "Mimi napikia watu mia mbili na themanini kwa siku! Nina sufuria ambazo mama yako akiingia ndani mtamtafuta kwa tochi. Nampikia mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mshono wa jana. Naamka saa kumi alfajiri, mikono yangu hii hapa, nusa, kitunguu kimeingia mpaka kwenye mfupa. Mwanamke wa namna hiyo anaambiwa hajui jiko, na wewe unajua, na umekaa hapo unatafuna!"

"Nilikusudia kumwambia."

"Lini? Jumapili imebaki siku tatu."

Fundi akatazama saa. Hakuweza kujizuia, maskini. Saa moja na dakika kumi. Akainuka nusu, akakaa, akainuka tena, mkono kwenye mgongo wa kiti, kama lifti yenye hitilafu isiyojua ishuke au ipande.

"Nenda," Mizani akasema. "Anasubiri."

"Na wewe?"

"Sikwambii uchague kati yangu na mama yako. Sina wazimu huo. Nakwambia uchague kusema. Lakini ukienda leo ukakaa, ukala, ukanyamaza tena, basi meza hii utafute wa kukaa naye. Na Jumapili usihangaike na mafua."

Kauli ilikuwa imetoka. Ikiwa nje hivyo, ikamtisha yeye mwenyewe. Sahani yake ilikuwa hapo mbele, wali wake mzima, kuku wake mzima, hakugusa hata chembe tangu akae.

Fundi alimtazama. Mtazamo ule ule wa siku ya grisi kwenye nyusi, sema leo haukuwa na utani.

"Twende," akasema.

"Twende wapi?"

"Kwetu. Sasa hivi."

"Una kichaa? Nanuka vitunguu! Kiatu kimoja hata sikioni kilipo!"

"Nakitafuta." Akapiga magoti, akaingia chini ya meza ya jirani, akaomba radhi kwa miguu ya watu, akatoka na kiatu, akamvisha pale pale. Mizani akampenda zaidi kuliko angeweza kueleza, na hakumwambia, ili asilegee.

Dada Trei akawafuata mlangoni. "Kuku nimfunge mwende naye?"

"Dada!" Mizani akageuka, mikono kichwani. "Niende kwa mama wa watu na chakula cha mkahawa? Unanitakia mema kweli?"

Mitaa miwili, kona ya duka la viatu, geti la kijani. Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne na haina lifti. Fundi wa lifti anakaa kwenye jengo lisilo na lifti. Siku nyingine Mizani angelicheka jambo hilo wiki nzima. Leo alihesabu ngazi. Kila ghorofa alisimama kurekebisha nywele, kila ghorofa alitaka kurudi. Ghorofa ya tatu alinong'ona, "Tuje kesho." Ghorofa ya tatu na nusu Fundi akanong'ona hivyo hivyo. Wakatazamana, wakapanda.

Harufu iliwapokea kabla ya mlango: kitunguu kilichokaangwa kwa subira, na samaki. Mizani alivuta pumzi. Anapika huyu mama, akajisemea. Balaa.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa mfupi, kitambaa cha jikoni begani, miwani imening'inia kwa uzi kifuani. Nyuma yake meza ndogo, sahani mbili, viti viwili, bilauri mbili.

"Umechelewa dakika nne," akamwambia mwanawe. Halafu akaona kivuli cha pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yakaanzia kwenye nywele, yakashuka bila haraka mpaka kwenye viatu, yakapanda tena. "Na huyu?"

Fundi akafungua mdomo. Mizani akaona koo lake likimeza hewa, na akajua hapa ndipo. Akimeza tena, yamekwisha.

"Mama, huyu ndiye. Yule wa mkahawani. Nataka kumuoa. Jumapili mjomba wake anatusubiri mimi na wewe, na nisipokwenda na wewe, basi, imekwisha hiyo." Alisema kwa pumzi moja, mpaka mwisho sauti ikakatika.

Mama akachukua kitambaa begani, akakikunja mara mbili, akakirudisha begani.

"Karibu," akamwambia Mizani, kwa adabu ya kufunga mlango. "Ningeambiwa mapema. Leo nimepika cha watu wawili."

Mizani alikuwa ameshaiona sufuria. Jicho lake halikuomba ruhusa, lilipima lenyewe: viazi, samaki, mchuzi, pale kulikuwa na cha watu wanne, na mmoja wao awe mchimba visima. Akaliacha neno lile lilale ulimini. Akageuka nusu kuelekea ngazi.

"Basi ni chenu nyinyi wawili," akasema Fundi. "Mimi nimeshakula."

Mama akageuka. "Umekula wapi?"

"Mkahawani. Na jana. Na juzi. Miezi saba, mama. Nakula kule na yeye, halafu nakuja kula hapa na wewe."

Mama alivaa miwani, akamtazama mwanawe tumboni, kwa makini, kama ndiyo kwanza analiona.

"Suruali nimekutanulia mara mbili," akasema. "Nimewatangazia majirani wote. Nimewaambia tazameni mwanangu anavyonawiri, mkono wangu huo."

"Ni mkono wako pia."

"Kwa hiyo ulikuwa unakula bila njaa."

"Nilikuwa nakula ili na wewe ule."

Mama akakaa. Akavua miwani aliyoivaa sasa hivi, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea kuifuta ilipokuwa safi. Mizani alitaka kumwendea, akajizuia. Alijua wagonjwa wa namna hiyo. Ukiwahurumia haraka wanakataa hata maji.

"Na wewe?" Mama hakumtazama. "Umekula huko?"

"Hapana, mama. Nimeshindwa. Nimekiacha kama kilivyo."

"Kilikuwa kibaya?"

"Kilikuwa kizuri. Mimi ndiye nilikuwa vibaya."

Mama akainua macho. Mara ya kwanza tangu mlango ufunguke aliyapeleka usoni kwa Mizani, si kwenye nywele wala kwenye viatu. Halafu akausukuma mguu wa kiti cha pili kwa kidole cha mguu wake, kiti kikasogea shubiri moja kutoka mezani.

"Kaa. Kinapoa."

Akapakua mwenyewe. Fundi alibaki amesimama nyumbani kwao bila kiti, mgongo umeegemea fremu ya mlango, hajui mikono aiweke wapi. Mizani alikula. Alikula kwa woga kwanza, halafu kwa njaa, kwa sababu njaa ilirudi yote pamoja na viazi vilikuwa vimeiva sawasawa, hata yeye asingeongeza dakika. Hakusifu. Mpishi anajua kwamba sifa ya kweli ni kuomba mchuzi tena, akaomba. Mama akampa. Na kijiko kilipokuwa bado mkononi mwake, kikasimama hewani, kikageuka, kikachota kwenye sahani ya mama mwenyewe.

Mizani akaona kikipanda. Akaona kikishuka kitupu. Hakuthubutu kumtazama Fundi, lakini alimsikia pale mlangoni akiachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu ghorofa ya kwanza.

Wakala hivyo wanawake wawili, bila neno, kila mmoja akiiba jicho kwenye sahani ya mwenzake. Alikuwa mama aliyemaliza wa pili. Akapangusa midomo.

"Huyo mjomba wako," akasema, "hiyo Jumapili anatutaka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mama."

Mama akamnyooshea kijiko mwanawe aliyeganda mlangoni.

"Umesikia? Saa nne. Na siku hiyo utakula mara moja tu, kama watu."